Kurefusha Kamba: Habari za Waya wa Redio

Nazungumza nanyi kutoka Kapsokwony, katika miteremko ya Mlima Elgon. Juma hili nataka tuzungumze juu ya waya. Sisemi waya wa seng'enge, wala waya wa simu ya zamani, wala ule wa kuanikia nguo, ingawa unafanana nao sana, hata mama mmoja wa parokia yetu aliwahi kuanika blanketi juu yake akidhani nimemfanyia hisani. Nasema waya wa redio uliofungwa nyuma ya nyumba yangu, toka kwenye pembe ya paa hadi kwenye mti wa mparachichi.

Ni kitu rahisi mno. Ni nyuzi mbili za shaba zilizonyoshwa katika mstari mmoja, moja kulia na moja kushoto, na katikati kipande cha plastiki nilichokikata kwenye jerikeni kuukuu ili nyuzi zisigusane. Kutoka hapo katikati inashuka kebo moja, inapita dirishani, inaingia kwenye redio. Wenye ujuzi huiita dipoli. Haina kifaa cha kununua Nairobi, haina injini, haili mawe ya redio. Lakini ina sharti moja ambalo haliwezi kubembelezwa: urefu wake lazima ulingane na wimbi unalotaka kulipokea au kulituma. Chukua 143, uigawe kwa masafa yako katika megahezi, nawe utapata mita za waya wako wote. Kwa megahezi 7 na kidogo, utahitaji mita 20. Kwa megahezi 3.6, utahitaji karibu mita 40.

Waya wangu ulikuwa wa mita 20. Nilitaka uwe wa mita 40, yaani niongeze mita 10 kila upande. Upande wa magharibi hapakuwa na shida, kwa maana kuna uwanja wa kanisa. Upande wa mashariki, baada ya mita 3 tu, kuna ua wa michongoma, na ng'ambo ya ua ule ni shamba la mtu ambaye nyumba yake na nyumba yetu hazikuwa zikisalimiana tangu mwaka 2008.

Kabla sijawaeleza habari za ua ule, natamani tuwatazame kwanza waliofunga waya kabla yetu. Maana historia ya kitu hiki ni fupi, haijafika hata miaka 150, nayo imepita katika nchi zetu hizi ikiacha alama.

Wa kwanza alikuwa Heinrich Hertz, mwalimu wa fizikia katika mji wa Karlsruhe, Ujerumani. Kati ya mwaka 1886 na 1888 alitengeneza dipoli ya kwanza ndani ya chumba cha kufundishia: waya mbili, pengo dogo katikati, na cheche ya umeme ikiruka katika pengo hilo. Upande wa pili wa chumba alikuwa na kipande cha waya kilichokunjwa kama pete, nacho pia kina pengo dogo. Cheche iliporuka huku, ikaonekana cheche ndogo ikiruka kule, pasipo kitu chochote kuviunganisha. Hertz alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1894, akiwa na miaka 36 tu, wala hakuona redio hata moja.

Kisha akaja Guglielmo Marconi wa Italia, aliyekuwa na haraka ya mfanyabiashara. Tarehe 12 Desemba 1901, juu ya kilima kimoja huko Newfoundland, aliinua waya wa mita 150 hivi kwa kutumia tiara, kama zile wanazorusha watoto, akasema kwamba amesikia herufi moja, S, iliyotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mpaka leo wako wataalamu wanaoshuku kama kweli aliisikia. Lakini kampuni yake ilisonga mbele, na serikali kubwa zikaamini kwamba anayetaka kusema mbali lazima awe na minara mirefu, mitambo mikubwa na mawimbi marefu.

Na kwa imani hiyo simu ya upepo ikafika Afrika Mashariki. Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika walijenga vituo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Vita vilipoanza mwaka 1914, nguzo hizo ndizo zilizotafutwa kwanza. Tarehe 8 Agosti mwaka ule manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilielekeza mizinga yake Dar es Salaam, kwenye kituo cha simu ya upepo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, majeshi yalipanda meli hapo Kisumu, bandari ambayo sisi watu wa magharibi tunaijua vizuri, yakavuka ziwa kwenda Bukoba. Miongoni mwao walikuwamo askari wa King's African Rifles, na alikuwamo pia mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mzee wa miaka 63. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 walipigana, wakauteka mji, wakaharibu kituo cha simu ya upepo, kisha mji wenyewe ukaporwa. Baada ya hapo wakapanda meli wakarudi zao Kisumu. Watu wa Bukoba, ambao hawakuwa wametuma neno hata moja kwa mnara ule, ndio waliobaki na nyumba zilizoporwa. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuwaeleza kwamba mnara ule ndio ulioleta yote hayo.

Sasa natoka kwa wakubwa, nakuja kwa wadogo. Katika miaka ile walikuwako watu waliopenda redio kwa kujifurahisha na kujifunza, bila mshahara. Kwa Kiswahili twaweza kuwaita watu wa redio ya ridhaa. Serikali na makampuni yalichukua mawimbi marefu yote, yakawaachia watu hawa mawimbi mafupi, chini ya mita 200, yaliyodhaniwa kuwa hayafai kitu. Ilikuwa kama kumpa mtoto wa mwisho kipande cha shamba chenye mawe matupu. Nao wakakaa katika kipande hicho, wakafunga nyaya zao nyuma ya nyumba, wakaanza kujaribu usiku baada ya usiku.

Tarehe 18 Oktoba 1924, Frank Bell, mfuga kondoo katika kusini ya New Zealand, alizungumza kwa alama za Mosi na Cecil Goyder, kijana wa miaka 18 aliyekuwa katika shule ya Mill Hill, London. Mfugaji na mwanafunzi, upande huu wa dunia na upande ule, kwa nguvu ndogo kabisa. Mawimbi yaliyotupwa ndiyo yaliyofika mbali kuliko yote. Wasomaji wa Zaburi ya 118 hawatashangaa sana.

Je, yaliwezaje? Jibu liko juu angani. Mwaka 1902 wataalamu wawili, Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kwa njia yake, walidhani kwamba kuna tabaka huko juu linaloweza kurudisha mawimbi ya redio duniani. Mwishoni mwa mwaka 1924 Edward Appleton wa Uingereza alithibitisha kwamba tabaka hilo liko kweli, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1947. Jua hulichoma anga la juu, kilomita 100 mpaka 300 na zaidi kutoka ardhini, hata likawa kama kioo. Wimbi fupi likipanda kwa mshazari, hugonga kioo hicho likarudi chini mahali pa mbali, kama mpira unaopigwa kwenye dari. Mchana kioo kina nguvu. Usiku, jua likiisha kutua, hudhoofika. Shikeni neno hili la mchana na usiku, kwa kuwa ndilo lililonipeleka kwenye ule ua wa michongoma.

Basi tangu hapo kila aliyetaka kusema mbali alifuata njia ya mawimbi mafupi. Nairobi ilianza kutangaza mwaka 1928, kwa ajili ya walowezi waliotaka kusikia habari za kwao Uingereza. Mwafrika hakufikiriwa mpaka vita vya pili vya dunia, jamaa za askari walipohitaji habari. Mwaka 1949 huko Northern Rhodesia, ambayo leo ni Zambia, ilitolewa redio ya bei nafuu ya betri iliyowekwa ndani ya umbo la sufuria, na watu wakaiita hivyo hivyo, redio ya sufuria. Halafu zikaja idhaa za Kiswahili kutoka nje: Cairo mwaka 1954, BBC London tarehe 27 Juni 1957, na Ujerumani mwaka 1963. Wazee wengi wanaonisikiliza wanakumbuka waya uliotoka nyuma ya redio, ukapita dirishani, ukafungwa kwenye mti. Baba yangu alikuwa nao. Ilipofika saa ya habari, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupita karibu nao, eti tutamwaga sauti.

Makanisa nayo hayakulala. Huko Quito, Ecuador, katika milima ya Amerika ya Kusini, kituo cha Kiprotestanti cha HCJB kilianza kutangaza siku ya Krismasi ya mwaka 1931. Mji ule uko mita 2,850 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Walipoongeza nguvu ya mitambo, usiku walianza kuona moto ukiwaka kwenye ncha za antena zao, na ncha zikawa zinayeyuka. Fundi wao, Clarence Moore, aliumiza kichwa kwa shida hiyo. Mwishowe aliona kwamba moto unatokea kwenye ncha, basi akatengeneza antena isiyo na ncha: waya uliofungwa kama fremu ya dirisha, mwanzo wake ukikutana na mwisho wake. Moto ukakoma. Leo antena ya namna hiyo inatumiwa na watu wa redio duniani kote, na wengi hawajui kwamba ilizaliwa katika kituo cha kuhubiri Injili.

Karibu nasi zaidi, Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni lilijenga Sauti ya Injili mjini Addis Ababa. Ilifunguliwa mwezi wa Februari 1963 na Mfalme Haile Selassie. Ilikuwa na mitambo miwili ya mawimbi mafupi, kila mmoja wa kilowati 100, na matangazo ya Kiswahili yalitengenezwa Moshi, Tanzania. Kutoka Addis mpaka hapa kwetu ni kama kilomita 1,000, na sauti ilifika vizuri. Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikinyang'anya kituo kile, kikawa sauti ya mapinduzi. Katika Visiwa vya Shelisheli, kituo cha FEBA kilianza kazi mwaka 1970, milingoti yake ikiwa imesimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe ndani ya bahari, kwa sababu maji ya chumvi huyasaidia mawimbi kuondoka. Nacho kilifungwa mwaka 2003.

Naheshimu sana kazi hizo. Mama yangu aliwajua watangazaji wengine kwa sauti kama anavyowajua wajomba zake. Hata hivyo kuna jambo moja katika ufundi huu ambalo nilijifunza nikiwa nimekwisha kutoka chuo cha theolojia, na lilinisumbua kwa muda mrefu.

Waya ulioinuliwa juu sana hutuma wimbi lake kwa mshazari, karibu na upeo wa macho. Wimbi hilo huenda mbali sana, hugonga kioo cha anga, hushuka mahali pa mbali. Lakini lile linalotambaa juu ya ardhi huchoka upesi, hasa penye milima. Kwa hiyo kati ya mahali panapokoma wimbi la ardhini na mahali panapoanza kushuka wimbi la angani, kuna nchi nzima isiyosikia kitu. Mafundi huiita eneo la ukimya. Mtu aliye London anakusikia, na mtu wa kilima cha pili hakusikii kabisa.

Tazameni Mlima Elgon wetu, wenye mita 4,321. Sisi tuko upande wa kusini, Kenya. Upande wa kaskazini, Uganda, iko Kapchorwa, wanakokaa ndugu zetu Wasebei, ambao lugha yao na yetu Wasabaot ni moja, kasoro maneno machache. Ndege akiruka kutoka hapa mpaka Kapchorwa hatafikisha kilomita 70. Lakini gari litazunguka mlima, ama kwa Lwakhakha ama kwa Suam, na siku itaisha. Redio za FM haziwezi kuupita mlima, maana mawimbi yake huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi.

Dawa ya eneo la ukimya ni ya kushangaza: ushushe waya. Dipoli ikifungwa chini, mita tano au nane tu kutoka ardhini, wimbi lake haliendi kwa mshazari. Linapanda wima, moja kwa moja juu, linagonga kioo cha anga na kushuka kama mvua juu ya nchi yote iliyo karibu, kilomita 300 kila upande, mabondeni na nyuma ya milima. Daktari Michael Wood na wenzake walioanzisha AMREF mwaka 1957, wale madaktari wa ndege wa pale Wilson, Nairobi, walitegemea redio za mawimbi mafupi ili hospitali za misheni na zahanati za mbali ziweze kuita. Muuguzi alikuwa na redio mezani, betri ya gari chini ya meza, na waya kati ya miti miwili nje. Hakuhitaji kusikiwa London. Alihitaji kusikiwa Nairobi, usiku huo, kwa ajili ya mama aliyekuwa akivuja damu.

Mtaniuliza: Kasisi, simu za mkononi ziko wapi? Ziko, nami ninayo mfukoni. Lakini mlingoti wa simu unahitaji umeme, na unahitaji ardhi iliyotulia chini yake. Mlima wetu si mtulivu. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko yalifunika vijiji vya Bududa, upande wa Uganda, mamia ya watu wakafa. Mwezi wa Oktoba 2018 Bududa ikafunikwa tena. Mwezi wa Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Mvua hizo hunyesha usiku, nazo huanza kwa kukata umeme. Tsunami ilipovipiga visiwa vya Andaman tarehe 26 Desemba 2004 na simu zote kunyamaza, mama mmoja wa redio ya ridhaa kutoka India, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair na mtambo wake mdogo, akapeleka habari za walio hai kwa jamaa zao.

Kenya tunao watu wa namna hii, ingawa ni wachache. Kabla ya uhuru alama zao za wito zilianza na VQ4. Baada ya uhuru zikawa 5Z4, na za Uganda zikawa 5X5. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mimi mwenyewe ni msikilizaji tu, lakini rafiki yangu mmoja wa Kitale anayo leseni, na ndiye aliyenifundisha kukata waya. Ndiye pia aliyeniambia neno ambalo sikutaka kulisikia. "Kasisi," alisema, "mita zako 20 ni za mchana. Usiku kioo cha anga kinadhoofika, na wimbi la megahezi 7 ukilipandisha wima linakipenya, linapotelea juu. Ukitaka kuvuka mlima usiku, ushuke mpaka megahezi 3.6. Hapo utahitaji mita 40."

Nikapima uwanja. Nikaona ua wa michongoma.

Lazima niseme kidogo juu ya mwaka 2008, kwa kuwa wengine wenu mko mbali. Mwaka 2006 ugomvi wa mashamba ya Chepyuk uliwaka ukawa vita katika mlima huu. Vijana walichukua bunduki, mamia ya watu waliuawa, makumi ya maelfu walikimbia. Mwezi wa Machi 2008 jeshi likaingia katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na kwa wengi mateso hayakuisha bali yalibadilisha mkono. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ninalolikumbuka kuliko yote ni kwamba jioni tulifungua redio kwa sauti ya chini, tukamsikia mtangazaji wa London akiutaja Mlima Elgon, akitaja hata idadi ya wafu. Sisi wenyewe hatukujua ni nani amelala nje kwenye kilima kile cha pili tulichokuwa tukikiona kwa macho. Jirani yetu alipoteza mtoto wa kiume katika siku hizo. Akaamini kwamba mtu wa nyumba yetu alitaja jina la kijana huyo mahali fulani. Hakuna aliyetaja. Lakini hakuna pia aliyekwenda kumwambia hivyo, wala kumpa pole. Tulikaa ndani, tukaomba kwa ajili ya amani ya nchi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiongoza maombi hayo.

Rafiki yangu wa Kitale alinipa njia za kukwepa. Unaweza kukunja ncha ya waya ikaning'inia kuelekea chini. Unaweza kuupinda ufuate ua. Unaweza kusokota koili ili waya mfupi ujifanye mrefu. Zote hufanya kazi kwa kiasi, na wenye viwanja vidogo mijini wanazitumia sana. Nilizijaribu mbili. Koili ilipoteza nguvu. Waya uliopindwa ulifuata ua vizuri, mpaka mbuzi walipoukuta.

Katika majuma hayo nilikuwa natayarisha somo la Isaya sura ya 54, pale nabii anapomwambia mwanamke asiye na watoto apanue mahali pa hema lake, arefushe kamba zake na kuvikaza vigingi. Ni maandiko yenye historia. Mwezi wa Mei 1792 William Carey, fundi viatu aliyekuwa mchungaji wa Kibaptisti, aliyahubiri mjini Nottingham, na kutokana na mahubiri hayo ikazaliwa jumuiya ya kupeleka wamisionari ng'ambo. Tangu siku hiyo sisi wahubiri huyatumia kuomba sadaka za kwenda mbali. Nami nilikuwa nimeandika hivyo hivyo, kurasa tatu. Lakini mtu anayerefusha kamba ya hema huweka kigingi chake kipya hatua chache tu kutoka kile cha zamani, yaani kwenye udongo unaogusana na wake. Nikaziweka zile kurasa tatu kando.

Siku ya Jumamosi nikazunguka kwa barabara, maana uani hakuna mlango. Nilimkuta mzee akinoa panga. Nikasimama mbali kidogo, nikasema, "Hodi, baba." Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Karibu, Kasisi," lakini hakunipa kiti.

Nilikuwa nimepanga kuanza na habari za mti wake wa mkaratusi. Sikuweza. Nilimwambia kwanza lile jambo la mwaka 2008, kwamba hatukutaja jina, na kwamba hatukuja. La kwanza alilisikiliza bila kusema neno. La pili nililirudia, kwa sababu aliniuliza, "Umesema hamkufanya nini?" Nikasema, "Hatukuja, baba." Akaendelea kunoa panga. Baada ya muda akamwita mjukuu alete kiti.

Habari za waya aliziuliza yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ameuona siku nyingi. Swali lake la kwanza lilikuwa swali la mtu mwenye akili: "Huo hautaniletea radi?" Nikamweleza kwamba mawingu yakikusanyika mimi huchomoa kebo kutoka kwenye redio, na kwamba kuna fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini karibu na dirisha ili kuupokea umeme. Hakuridhika, akaja siku ya pili kuitazama fimbo kwa macho yake, akasema ni fupi, nami nikaongeza nyingine. Swali la pili lilikuwa, "Unataka kumsikia nani?" Nikasema, Kapchorwa, kama Mungu akitujalia kumpata mtu wa upande ule mwenye leseni. Akasema dada yake mkubwa aliolewa Kapchorwa kabla ya uhuru wa Uganda. Hakuongeza lolote juu ya hilo.

Tuliupandisha waya siku ya Jumanne, mimi, rafiki yangu wa Kitale, na wajukuu wawili wa mzee. Mita 40 kasoro kidogo, kimo cha mita 7. Mzee alikataa tawi nililolichagua, akasema limeliwa na mchwa ndani, akaonyesha jingine. Saa mbili usiku rafiki yangu aliwasha mtambo, akaita mara tatu katika megahezi 3.6. Kulikuwa na mngurumo wa radi za mbali, kama mahindi yanayokaangwa. Usiku ule wa kwanza hakujibu mtu. Usiku wa tatu ilitoka sauti hafifu yenye alama ya 5X, ikarudia jina la mji wake mara mbili kabla hatujaushika. Ilikuwa Mbale, hapo nyuma ya bega la mlima. Kapchorwa bado tunaitafuta.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, koti limefungwa mpaka shingoni. Aliuliza kama mtu huyo wa Mbale ameshapata mvua.

Kamba ya upande wa mashariki, ile iliyofungwa kwenye mkaratusi wake, hulegea kila baada ya upepo. Nikiamka asubuhi huwa nakuta imekwisha kukazwa.